MAFUTA YA PEREMENDE HUDANGANYA PUA

Baridi ya Julai ikiwa kali huko Kinangop na Ol Kalou, nyumba nyingi za wakulima huwa na kichupa cha mafuta ya peremende. Kwa kuwa kichupa ni kidogo na harufu yake ni tamu, watu hudhani hakina madhara. Yafaa mjue mafuta haya ni kitu gani.

Peremende ni aina ya nanaa. Majani yake hukatwa mmea ukianza kutoa maua, hupitishwa mvuke wa maji moto, na mvuke ule ukipozwa mafuta huelea juu ya maji. Gunia zima la majani hutoa mafuta kidogo sana. Basi tone moja la mafuta si sawa na jani moja ndani ya chai. Chai ya majani yanyweka. Mafuta yenyewe yasinywewe kwa kijiko hata kidogo.

Nguvu yake ni kitu kiitwacho mentholi. Hiki huamsha neva zinazotambua baridi, hata mtu aliyejipaka huhisi ubaridi ijapokuwa ngozi haikupoa. Mwenye mafua naye huhisi pua imefunguka. Lakini wataalamu walipopima hewa ipitayo puani waliona haikuongezeka. Pua imedanganywa.

Kwa mtu mzima, udanganyifu huo ni faraja nzuri. Tia matone matatu katika kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, ujipake mabegani baada ya kazi ya jembe, au pande za kichwa kikiuma, mbali na macho. Kisha nawa mikono kwa sabuni kabla ya kukamua, maana maziwa hushika harufu upesi. Wengine huyanyunyiza ghalani kufukuza panya. Mimi ningetegemea zaidi vikingio vya bati kwenye miguu ya ghala.

Kwa mtoto mdogo mambo ni mengine. Msimpake mafuta haya puani wala usoni. Mentholi yaweza kufunga koo la mtoto mchanga ghafula akashindwa kupumua. Tena nyumba ikinukia dawa, wazazi husema mtoto ametibiwa, kumbe ana nimonia.

Akiwa ametulia, mfunue kifua, mtazame saa, mhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, ampelekwe hospitali. Vivyo hivyo kifua kikibonyea chini ya mbavu kila avutapo pumzi. Asiyefika miezi 2 akiugua, msingoje kuhesabu. Nendeni saa ile ile, hata kama ng'ombe hawajakamuliwa. Njiani mama aendelee kumnyonyesha, na mtoto afunikwe asipate baridi.

Kichupa kiwekwe juu, mahali watoto wasipofika, wala kisiwe pamoja na dawa ya kupe. Mtoto akiyanywa, msimtapishe. Mchukueni hospitali pamoja na kichupa chenyewe, daktari aone kilichokuwamo na kiasi kilichobaki.