Anayejua Kwanza

Katika vituo vya afya vya jiji la Arusha na vya vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, mjamzito anayeanza kliniki hupewa ushauri nasaha kisha hupimwa damu, ili kubaini kama ina kingamwili, yaani protini ambazo mwili huzitengeneza unapopambana na virusi vya UKIMWI (VVU). Kwa kuwa mwanamume hana kliniki ya namna hiyo, mara nyingi mke ndiye anayejua kwanza, na ujuzi huo humletea faida, pamoja na mzigo wa kujua peke yake.

Faida yake ni kubwa mno. Pasipo tiba, kati ya kila watoto 100 wa akina mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya, lakini mama anapotumia dawa za kufubaza virusi, ambazo huvizuia visizaliane ndani ya seli, idadi hiyo hushuka chini ya 5.

Mzigo wenyewe ulifahamika mapema kwa wanawake wa Moshi, kiasi cha kilomita 80 mashariki ya Arusha, ambao mwaka 1990 waliunda KIWAKKUKI, yaani Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI. Baadaye kikundi kilianza kutoa ushauri nasaha na upimaji kwa ada, na watafiti, akiwamo Dafrosa Itemba wa kikundi hichohicho, wakachunguza kinachotokea ada inapoondolewa kwa wiki mbili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa wapimwaji walipanda kutoka wastani wa 4.1 kwa siku hadi 15.0, na ada iliporudishwa wastani ulibaki 7.1. Inaelekea, basi, kwamba wengi waliodhaniwa kupuuza afya zao walikuwa wamezuiwa na bei tu.

Kizuizi kingine ni sheria. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inamwadhibu anayeambukiza kwa makusudi kwa kifungo cha miaka 5 hadi 10, na ingawa kusudi ni jambo gumu kuthibitisha, aliye rahisi kushukiwa ni yule ambaye majibu yake yamekwisha kuandikwa kliniki. Ndiyo maana inafaa kukumbuka kwamba Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao yake Arusha, lilipitisha mwaka 2012 muswada wa VVU usio na kosa hilo la jinai, baada ya ushawishi wa asasi za kiraia, ukiwamo mtandao wa EANNASO wa hapohapo Arusha, ambao baadaye uliongozwa na Olive Mumba.

Pengo la kujua kati ya mke na mume linaweza pia kupunguzwa nyumbani. Huko Kisumu, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na uliomshirikisha mtafiti Kawango Agot uliwapa wanawake wa kliniki vipimo vya mate vya kujipima, na takriban asilimia 91 ya wenzi wao wakapimwa ndani ya miezi mitatu, ilhali kwa waliopewa barua ya mwaliko pekee ilikuwa asilimia 52. Mwaka 2019 Bunge la Tanzania liliruhusu kujipima, hivyo mume na mke wanaweza kusoma majibu wakiwa wameketi pamoja, na yakionyesha maambukizi waende kituoni kwa kipimo cha uthibitisho.