Kinga ya Sakafu Mpya ya Karakana: Subira Kwanza, Dawa Baadaye

Sakafu ya zege ikishamwagwa na kusawazishwa huonekana ngumu kama jiwe, na wengi hudhani kazi imekwisha. Kumbe zege lina vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Mafuta yakidondoka hunywewa, unyevu wa ardhini hupanda, na uso ulio dhaifu huchakaa ukawa vumbi. Vumbi hilo lina chembe za mchanga zenye kudhuru mapafu. Huchafua vitambaa vya mshonaji na kuingia vifuani mwa watoto wanaoshinda na mama yao kazini.

Kwa jamaa zetu walioko bara, mathalan Nyaramba katika kaunti ya Nyamira, jambo hili lina uzito wa pekee. Huku mwambao twapambana na chumvi ya bahari. Kule ni mvua ya milimani na ardhi isiyokauka upesi. Kinga iliyochaguliwa kwa pupa hububujika malengelenge na kubanduka, na akiba ya familia ikapotea pamoja nayo.

Jambo la kwanza ni subira. Zege jipya linyweshwe maji kwa muda usiopungua siku 7, kisha liachwe hadi litimize siku 28. Baada ya hapo lipimwe. Chukua kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita kila upande, ukibandike sakafuni kwa tepu pande zote nne, ukiache kwa saa 24. Ukikifunua ukakuta matone au zege limegeuka jeusi, unyevu ungalimo. Ngoja, kisha upime tena. Iwapo ujenzi haujaanza, mwambie fundi atandike nailoni nzito chini ya zege, kwani kuuzuia unyevu mapema ni rahisi kuliko kupambana nao baadaye.

Kinga zenyewe ni za namna tatu kuu. Ya kwanza ni dawa ya maji iitwayo silikati. Hupenya ndani, ikaungana na chokaa iliyomo katika saruji na kuugandisha uso. Haifanyi utando, hivyo unyevu hupata njia ya kutoka, kama ilivyokuwa katika chokaa ya matumbawe waliyoitumia wahenga wetu majumbani. Huondoa vumbi, lakini haizuii madoa yote ya mafuta.

Ya pili ni akriliki, utando mwembamba unaokauka haraka. Bei yake ni nafuu, ila hukwaruzika, haihimili petroli, na hutaka kupakwa upya kila baada ya miaka michache.

Ya tatu ni epoksi, yenye vikopo viwili vinavyochanganywa. Ni ngumu, hustahimili mafuta na hufutika kwa urahisi. Lakini huhitaji sakafu kavu kabisa na iliyosuguliwa, huteleza ikiloa, na hugeuka manjano ikipigwa na jua.

Basi chagua kwa kuitazama kazi. Chumba cha cherehani chatosheka na silikati au akriliki. Anayechomelea vyuma achukue silikati, kwa kuwa cheche huunguza utando. Gereji ya pikipiki yafaa epoksi, madhali kipimo cha nailoni kimeonyesha ukavu. Nayo inyunyiziwe mchanga laini ikiwa ingali mbichi ili watu wasiteleze.

Tahadhari ya mwisho yahusu afya. Epoksi hutoa mvuke mkali, na kigandishi chake huwasha ngozi. Madirisha yawe wazi, fundi avae glavu, na watoto pamoja na mama wajawazito wakae mbali hadi sakafu ikauke. Mabaki yasihifadhiwe katika chupa za soda wala vyombo vya jikoni, maana mtoto hajui kutofautisha.

Kabla ya kulipia sakafu nzima, mwombe fundi apake pembe moja, mwagieni maji na tone la mafuta, kisha mwangalie kesho yake. Pembe hiyo itawaambia ukweli kuliko maneno ya muuzaji.