Vidonge vya 'kulinda ubongo': mtaji wenye mashaka

WAFANYABIASHARA wa Tunduma wanaofikiria kutia mtaji katika vidonge vinavyodaiwa kulinda seli za ubongo wanapaswa kupiga hesabu mara mbili kabla ya kuagiza mzigo. Majaribio makubwa matatu yaliyofanyika Amerika ya Kaskazini yameonyesha kuwa vidonge vya aina hiyo havikupunguza kasi ya ugonjwa wa Parkinson.

Ugonjwa huo, ambao wengi huujua kwa dalili ya mikono kutetemeka, hutokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kwenda kwa mpangilio. Mgonjwa hukakamaa, hatua zake zikawa fupi na kazi za mikono zikamshinda.

Kutu ndani ya seli

Wataalamu wanaeleza kuwa miongoni mwa yanayoziua seli hizo ni mkazo wa oksidesheni. Seli inapochoma chakula kupata nguvu hutoa mabaki makali ya oksijeni, ambayo yakizidi huila seli kama kutu inavyokula bati. Seli za dopamini zina hatari zaidi, kwa kuwa dopamini yenyewe inapovunjwa hutoa mabaki hayo, na madini ya chuma yaliyomo katika sehemu hiyo ya ubongo huyachochea.

Hapo ndipo soko la vidonge lilipopata hoja yake: kama tatizo ni kutu, basi mgonjwa apewe kizuia kutu. Hoja hiyo ni nzuri katika karatasi, lakini haikufaulu kwa wagonjwa.

Jaribio la kwanza, la wagonjwa 800, lilitoa matokeo mwaka 1993. Vitamini E kwa kipimo kikubwa haikusaidia. La pili, la wagonjwa 600 waliopewa koenzaimu Q10, lilisimamishwa baada ya kuonekana halina faida, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. La tatu, la inosini, lilihusisha wagonjwa 298. Mwaka 2021 ilitangazwa kuwa haikupunguza kasi ya ugonjwa, na waliopewa walipata mawe ya figo zaidi.

Kwa muuzaji, maana yake ni moja. Anayeuza vidonge hivyo kwa ahadi ya kuzuia Parkinson anauza ahadi isiyo na ushahidi, na mteja asipoona nafuu harudi dukani.

Kahawa ya Mbozi

Habari za kahawa, zao kuu la biashara wilayani Mbozi, zina matumaini zaidi, ingawa nazo zina mpaka wake. Uchunguzi uliofanyika Hawaii kwa wanaume zaidi ya 8,000 wenye asili ya Japani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa wasiokunywa kahawa walipata Parkinson kwa kiwango cha mara tano hivi kuliko wanywaji wakubwa. Lakini kafeini ilipojaribiwa kwa watu ambao tayari ni wagonjwa, matokeo ya mwaka 2017 hayakuonyesha nafuu katika mwendo wao.

Kwa hiyo kahawa ya Mbozi iuzwe kwa ubora wa kikombe chake. Anayeiandika kwenye pakiti kuwa ni dawa anajitafutia matatizo na wateja pamoja na wakaguzi.

Pembejeo zina hatari

Jambo zito zaidi kwa Songwe, mkoa wa mahindi na kahawa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ni viuatilifu. Mwaka 1982 vijana kadhaa wa California walijidunga dawa ya kulevya iliyochafuliwa na kemikali iitwayo MPTP, wakakakamaa kama wazee wenye Parkinson. Kemikali inayotokana na MPTP mwilini inafanana kwa umbo na parakwati, dawa ya kuua magugu.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 ulikuta kuwa watu waliotumia parakwati au rotenoni walikuwa na uwezekano wa mara 2.5 wa kuwa na ugonjwa huo. Idhini ya parakwati katika Umoja wa Ulaya ilifutwa mwaka 2007.

Mwenye duka la pembejeo ana wajibu hapa, na pia ana maslahi. Dawa isipimwe rejareja katika chupa za soda, isikae stoo moja na unga, na mnunuzi aambiwe avae glovu na asipulize dhidi ya upepo. Usajili wa kila dawa uthibitishwe kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) kabla ya kulipia mzigo.

Mahitaji ya kweli

Mahitaji ya dawa halisi yapo. Uchunguzi wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta wagonjwa 33 katika watu 161,071, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Dawa inayowasaidia ni levodopa, ambayo hujazia dopamini iliyopungua. Haizuii seli kufa, lakini humrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea na kufanya kazi. Huuzwa kwa cheti cha daktari.

Mwenye famasi anayehakikisha dawa hiyo haikatiki atapata wateja wachache, lakini wa kudumu.