Istilahi za Utafiti wa Uvuvi na Utunzaji wa Ziwa

Istilahi haikamiliki kwa kuorodheshwa tu. Hukamilika inapomfikia yule inayemhusu pasipo kupotoka maana. Makala haya yanakusudia kueleza istilahi chache zitumikazo serikali inapogharamia utafiti wa uvuvi na utunzaji wa Ziwa Victoria. Tutazipima kwa masikio ya mkulima wa Sapiwi, wilayani Bariadi. Mkulima huyo havui samaki, lakini mvua inyeshayo shambani kwake huishia katika ziwa hilo.

1. Maji baridi. Hapa hatuzungumzii ubaridi, bali maji yasiyo ya chumvi: ya maziwa, mito na mabwawa. Istilahi hii imekwisha kuzoeleka. Yatosha kuifafanua inapotajwa mara ya kwanza.

2. Fungu, ruzuku na mkopo. Zamani utafiti wa ziwa hili uligharamiwa kwa pamoja kupitia shirika la Afrika Mashariki lililokuwa Jinja, Uganda. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ilibidi kila nchi ijitegemee, na Tanzania ikaunda Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 1980. Fungu ni fedha iliyoidhinishwa na Bunge kwa wizara fulani, ruzuku hutolewa bila kudaiwa, mkopo hulipwa. Tofauti hiyo si ndogo. Mradi wa mazingira wa Ziwa Victoria, ulioanza mwaka 1997 katika nchi tatu, uligharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na ruzuku ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Kuziita zote mbili "msaada" ni kumficha mwananchi deni lake. Tena, mkulima aijuaye ruzuku ya mbolea akisikia "ruzuku ya utafiti" huenda akasubiri mfuko wa mbolea. Kwa hiyo yafaa daima kutaja ruzuku ya nini, na kwa nani.

3. Kidakio. Neno hili limetokana na kitenzi daka. Ni eneo lote la nchi linalopokea mvua na kuyapeleka maji yake katika mto au ziwa moja. Mtu akishaelewa kwamba shamba lake limo ndani ya kidakio, hahitaji hotuba ndefu kujua kwa nini udongo uliomomonyoka Bariadi hupelekwa na Mto Simiyu hadi ziwani, ukayachafua mazalia ya samaki.

4. Hifadhi na uhifadhi. Hapa ndipo penye uzito. Katika kamusi, hifadhi ni utunzaji, na pia ni mahali palipotengwa. Lakini mkoa wa Simiyu umepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa. Kwa jirani wa maeneo hayo, hifadhi ni mpaka usiovukwa na ng'ombe. Afisa akitangaza "hifadhi ya mto", msikilizaji huweza kuelewa kwamba anahamishwa, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, wala haimfukuzi mtu kijijini.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza hifadhi litumike kwa mahali palipotengwa kisheria, na uhifadhi kwa tendo la kutunza. Wasukuma wenyewe wanalo neno ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi, mwenyewe akiwa ni kaya au kijiji. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 Bariadi ikiwa bado katika mkoa huo, ulifufua desturi hiyo. Neno ngitili lastahili kuingizwa katika msamiati wa taifa, kwani linabeba dhana ambayo hifadhi haibebi: kutunza bila kunyang'anywa.

Fedha ya umma ikitumika kwa lugha isiyoeleweka, nusu ya kazi hupotea njiani. Wasomaji, hususan walio kandokando ya ziwa na mito yake, wanakaribishwa kutuletea maoni na maneno ya kwao.