Faiba au ruta ya laini? Angalia haya kabla ya kulipia intaneti ya nyumbani Songea

Saa mbili usiku Mfaranyaki au Lizaboni, video inaganda, bando nalo linaelekea kuisha. Familia inayotaka intaneti ya nyumbani ina njia mbili kuu: faiba, yaani waya unaoingia hadi ndani, au ruta ya laini inayonasa mawimbi ya mnara.

Zinatofautianaje?

Faiba ni nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha data kwa mwanga. Ikishafika kwako, mvua au ukuta mnene haviisumbui. TTCL inaiuza kwa jina la Faiba Mlangoni. Shida ni moja: lazima waya uwe umefika mtaani kwako.

Ruta ya laini inatumia 4G au 5G. Unaichomeka kwenye umeme, unaanza. Ukihama unaondoka nayo, hivyo inamfaa mpangaji. Lakini mnara mmoja unahudumia watu wengi, ndiyo maana jioni kasi inashuka. Songea nayo ina miinuko na mabonde, na nyumba ya bondeni inaweza kupata mawimbi hafifu kuliko ya jirani aliye juu.

Kwani mnara hauna waya?

Unao. Data ikishafika mnarani, sehemu kubwa ya safari yake ni kwenye faiba kama Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kisha nyaya za chini ya bahari. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nzima, kwa wa faiba na wa laini pia. Tofauti iko kwenye kipande cha mwisho tu, kutoka mtaani mpaka sebuleni.

Kabla ya kulipa

- Uliza kama faiba imefika mtaani kwako, na gharama ya kufungiwa ni nani anailipa.
- Kwa ruta, weka kwanza laini ya mtandao huo kwenye simu, nunua bando la siku, kisha pima kasi ukiwa chumbani saa mbili usiku. Usipime mchana dukani.
- Soma kifurushi vizuri. Mbps 20 ni kama MB 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya GB 1 inachukua karibu dakika 7. "Bila kikomo" nayo uliza: kasi inapunguzwa baada ya GB ngapi?

Na umeme ukikatika, zote mbili zinazima kama ruta haina betri.