Mahali Kwanza, Nguvu Baadaye: Mikono ya Anayeanza Gitaa

Vijana wengi wanaoanza kujifunza gitaa huacha kabla hawajafikisha kodi tatu, yaani yale makundi ya noti yanayopigwa kwa pamoja kusindikiza wimbo. Ukiwauliza sababu, husema vidole vinauma, au husema, “Mimi sina kipaji.” Kwaya nayo hubaki ikimtegemea mpiga kinanda mmoja, na siku akisafiri, Misa yote huimbwa bila ala. Sisi mafrateri tunaokaa na vijana hao kwenye mazoezi tunaona kwamba mara nyingi kilichokosekana si kipaji wala nguvu. Mkono umewekwa mahali pasipofaa.

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na jambo hili kwa Aristotle. Katika kitabu cha pili cha Nicomachean Ethics, anapoeleza jinsi fadhila inavyopatikana kwa kutenda, anatoa mfano wa mpiga kinubi. Kwa kupiga kinubi mtu huwa mpigaji mzuri, na kwa kupiga kinubi hichohicho mwingine huwa mpigaji mbaya. Mazoezi peke yake hayachagui. Yanakaza kile unachokirudia, kiwe sawa au kombo. Ndiyo maana wiki za kwanza zina uzito kuliko zinazofuata: samaki mkunje angali mbichi.

Gitaa lijibebe lenyewe

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, nyayo zote zikigusa sakafu. Gitaa litulie pajani, likishikwa na paja, kifua na mkono wa kulia uliolala juu yake. Sasa ondoa mkono wa kushoto. Shingo ya gitaa ikianguka, mkono huo ulikuwa na kazi mbili, kubeba na kubonyeza, na hauwezi kuzifanya zote vizuri. Wapigaji wa gitaa la klasiki huinua mguu wa kushoto juu ya kigoda kidogo na kuweka gitaa kwenye paja hilo ili shingo ipande juu. Kwetu tofali moja linatosha. Anayepiga akiwa amesimama avae mkanda, aufupishe hadi gitaa likae usawa uleule wa alipoketi. (Anayetumia mkono wa kushoto na gitaa lililogeuzwa, abadilishe pande.)

Mkono wa kushoto

Shingo ya gitaa imekatizwa na vyuma vyembamba viitwavyo freti. Uzi ukibonyezwa hugusa chuma, na sehemu inayotikisika na kutoa noti ni ile iliyo kati ya chuma hicho na daraja la gitaa. Kwa hiyo kazi ya kidole ni kuugusisha uzi na chuma, basi. Kuuzamisha kwenye ubao ni nguvu za bure.

Jaribu mwenyewe. Weka kidole katikati ya nafasi mbili za vyuma, bonyeza kidogo, piga uzi: utasikia mkwaruzo. Sogeza kidole hadi karibu kabisa na chuma cha upande wa daraja, lakini kisipande juu yake, kisha bonyeza kwa nguvu ileile. Noti inasafika. Kisha legeza taratibu hadi mkwaruzo urudi, ongeza kidogo tena, na ukumbuke kiasi hicho. Ndicho kinachohitajika, na wengi hushangaa kuona kilivyo kidogo.

Vidole vikunjwe kama vinavyoshika chungwa, viguse uzi kwa ncha, na kucha za mkono huo ziwe fupi. Kidole kikilala, kitagusa uzi wa jirani na kuunyamazisha. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo, kikielekeana na kidole cha shahada au cha kati, na kiganja kisigande kwenye mti. Ukitaka kujua kama unabana mno, kiondoe kidole gumba kwa muda huku ukipiga. Noti zikiendelea kusikika, kilikuwa kinabana bila sababu.

Kifundo cha mkono nacho kisikunjwe sana. Misuli mikuu inayokunja vidole iko kwenye mkono wa chini, kati ya kiwiko na kifundo, na kano zake hupita katika njia nyembamba kwenye kifundo. Kunja kifundo kwa ndani kabisa, kisha ujaribu kufumba ngumi: haitakaza. Anayepiga gitaa akiwa amekunja kifundo hivyo anapambana na mwili wake mwenyewe.

Mkono wa kulia

Hapa kosa la kawaida ni kukaza bega. Mkono wa chini uegemee ukingo wa gitaa, na mwendo wa kupigapiga nyuzi utoke kwenye kiwiko na kifundo, kama anayekung’uta maji vidoleni. Kwa anayedonoa uzi mmoja mmoja, gumba lishughulikie nyuzi nene, na vidole vingine nyuzi nyembamba. Wala si lazima vidole viwe vingi. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na kurekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, na hadi leo wapigaji wa nchi nyingi wanajifunza kutoka kwake. Vidole viwili vilivyolegea vinafanya zaidi ya vinne vilivyokakamaa.

Kubadili kodi

Anza na zile zinazoshirikiana vidole. Katika A ndogo, kidole cha shahada kiko uzi wa pili freti ya kwanza, cha kati uzi wa nne freti ya pili, cha pete uzi wa tatu freti ya pili. Ukitaka C, viwili vya kwanza vinabaki palepale. Cha pete peke yake kinahamia uzi wa tano, freti ya tatu. Fanya mabadiliko hayo polepole, vidole visiruke mbali na nyuzi. Kodi ya F inayolaza kidole kwenye nyuzi zote sita isikukatishe tamaa. Kwa sasa piga F ya nyuzi nne za chini, na kidole cha shahada kilaze nyuzi mbili tu.

Maumivu yapi ni ya kawaida?

Ncha za vidole kuwasha na kuuma wiki za mwanzo ni kawaida, kwani ngozi inafanya sugu. Lakini maumivu kwenye kifundo au kiwiko, au ganzi vidoleni, ni amri ya kusimama. Pumzika, kagua mkao, na yakiendelea mwone daktari. Dakika kumi asubuhi na kumi jioni ni bora kuliko saa mbili za Jumamosi. Tena muombe fundi alikague gitaa. Nyuzi zilizo juu mno kutoka kwenye shingo humtesa hata mzoefu, na kijana hujilaumu kwa kosa la mti.

Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia (Sacrosanctum Concilium, namba 120), baada ya kukipa kinanda cha mabomba heshima yake, inakubali ala nyingine kwa idhini ya mamlaka husika, mradi zifae kwa matumizi matakatifu na ziwajenge kweli waamini. Gitaa linalokwaruza haliwasaidii wanaosali. Basi wewe unayewafundisha wadogo zako kwenye kwaya, kabla ya kumwambia mtoto aongeze bidii au kwamba hana kipaji, angalia kwanza kidole chake kiko wapi. Huenda ukamsogezea nusu sentimita tu, na parokia ikapata mpiga gitaa.