Gurudumu la Usukani wa Motaboti ya Kale: Litengenezwe au Libadilishwe?

Neno usukani ni la mabaharia kabla ya kuwa la madereva. Katika jahazi lilikuwa ni jina la ubao uliofungwa tezini, na nahodha aliuzungusha kwa kana. Gari lilipoingia, neno likahama kutoka majini likaja barabarani, likapewa kile kiduara anachokishika dereva. Katika motaboti maana zote mbili hukutana: mbele kuna gurudumu, na nyuma chini ya maji kuna ubao. Ili mambo yasichanganyike, katika makala haya ubao huo utaitwa shikio, na kiduara kitaitwa gurudumu.

Motaboti zinazozungumziwa hapa ni zile zilizoundwa mahususi kwa mchezo wa kuteleza juu ya maji. Mchezo huo ulianza nchini Marekani mwaka 1922, wakati kijana Ralph Samuelson alipofaulu kusimama juu ya mbao mbili huku akivutwa katika ziwa Pepin, jimbo la Minnesota. Kwa muda mrefu wachezaji walitumia chombo chochote kilichokuwa na mbio. Mwaka 1961 ikatokea huko Florida motaboti iliyoitwa Ski Nautique, ya faibaglasi, na mwaka 1968 MasterCraft ikaanza kuundwa katika jimbo la Tennessee. Vyombo vya namna hii vilikuwa na injini kubwa, mara nyingi ya silinda nane, iliyowekwa katikati. Nguzo ya kufungia kamba nayo ilisimamishwa karibu na kitovu cha uzito, si tezini. Mwanafunzi aliyesoma momenti ataona sababu mara moja: kani inayopita karibu na kitovu cha uzito haina mkono mrefu wa kukizungushia chombo, kwa hiyo mtelezaji anapovuta kwenda kando, motaboti haipinduki upande kwa urahisi.

Haipinduki kwa urahisi, lakini husukumwa. Katika mashindano ya kupita maboya kwa kuyumba huku na huku, njia nzima ina urefu wa mita 259, na motaboti hupaswa kupita katikati ya maboya yaliyoachana mita 2.3 tu. Kasi ya juu kabisa kwa wanaume ni kilometa 58 kwa saa, yaani mita 16.1 kwa sekunde. Njia yote humalizika kwa sekunde 16 hivi. Dereva akipoteza usukani kwa sekunde mbili, chombo chenye uzito wa zaidi ya tani moja kimekwisha kwenda mita 32 bila mwongozo, na nyuma yake yumo mtu kamba mkononi. Ndiyo maana gurudumu lililopasuka au linalocheza katika shafti si jambo la urembo, ingawa wengi wanaofufua motaboti za kale huanza kulishughulikia kwa ajili ya sura yake.

Magurudumu mengi ya zamani yalikuwa na kiunzi cha chuma kilichofunikwa kwa plastiki au mpira mgumu. Ugonjwa wake unajulikana: nyufa hutokea katika rimu, hasa pale spoki zinapoungana nayo. Watu husema kwamba gurudumu limezeeka, na hapo huishia. Kuzeeka ni neno tu. Linalotakiwa ni sababu, na sababu ni zaidi ya moja. Mionzi ya jua ya urujuanimno hukatakata minyororo mirefu ya molekuli za plastiki. Vilainishi vilivyochanganywa humo kiwandani hutoka polepole kadiri miaka inavyopita, na plastiki hubaki kavu na yenye kuvunjika. Tena kuna joto na baridi, ambavyo labda ndivyo vyenye lawama kubwa kuliko vyote.

Tuchukue gurudumu lenye kipenyo cha sentimeta 38. Mzingo wake ni milimeta 1,194 hivi. Chuma hutanuka kwa kiasi cha sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto; plastiki nyingi za zamani hutanuka kama sehemu 100. Motaboti iliyoachwa juani huko Minnesota katika kiangazi, kisha ikawekwa bandani wakati wa majira ya baridi, yaweza kupita kutoka nyuzi 40 za Selsiasi hadi 20 chini ya sifuri. Katika tofauti hiyo ya nyuzi 60, kiunzi cha chuma hupungua mzingo kwa milimeta 0.9 tu, lakini plastiki ingetaka kupungua kwa milimeta 7. Haiwezi, kwa kuwa chuma kilichomo ndani kimeizuia. Basi hukazwa kama ngozi ya ngoma, na mahali pa kwanza kushindwa ni pale iliposhikiliwa zaidi, penye spoki. Ufa ukishafunguka, maji huingia na chuma hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huusukuma ufa kutoka ndani na kuupanua.

Kabla ya kuamua lolote, gurudumu ni lazima litolewe, na hapo ndipo mafundi wengi wasio na subira huharibu kazi. Ncha ya shafti haikuchongwa sawasawa kama mwanzi, imechongoka. Kipimo kilichozoeleka ni kipenyo cha inchi robo tatu, yaani milimeta 19, kinachopungua kwa inchi moja katika kila inchi 12 za urefu. Kitovu cha gurudumu kina tundu lililochongoka vivyo hivyo, nayo nati hukivuta kitovu kikabane. Kipande kidogo cha chuma, kabari, hukaa katika mfereji ili kuzuia gurudumu lisizunguke peke yake. Lakini mbano wa mchongoko ndio unaofanya kazi kubwa. Ni kanuni ile ile ya shoka la kienyeji, ambalo mkia wake mwembamba hupigiliwa katika kichwa cha mpini: kila pigo hulikaza zaidi.

Nati ikiondolewa, kwa nini gurudumu halitoki? Mchongoko wa moja kwa 12 una maana kwamba kila upande umeinama moja kwa 24, yaani nyuzi 2.4 kutoka katika mhimili. Kizigeu cha msuguano baina ya metali kavu ni kama 0.15 au zaidi, na pembe inayolingana nacho ni nyuzi 8.5. Maadamu mwinamo ni mdogo kuliko pembe ya msuguano, vipande viwili havitaachana vyenyewe. Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili darasani bila motaboti: kipande cha chuma kiwekwe juu ya bamba la chuma, bamba liinuliwe polepole upande mmoja, na pembe ipimwe pale kipande kinapoanza kuteleza. Itakuwa kubwa kuliko nyuzi 2.4 kwa mbali.

Wengine huvuta gurudumu kwa mikono huku wakiligonga shafti kwa nyundo. Hii ni njia mbaya. Pigo hupita katika shafti hadi kwenye giya ndogo na bereu zilizo nyuma ya dashibodi, na huponda hesi za nati. Njia iliyo salama ni kutumia kifaa cha kuchomolea, chenye boliti mbili zinazoshika kitovu na parafujo ya katikati inayosukuma ncha ya shafti. Nati iachwe katika hesi zake, imelegezwa mizunguko michache tu. Mbano unapoachia ghafla, gurudumu hugota kwenye nati badala ya kumpiga fundi usoni. Kitovu kikiwa cha alumini, joto la wastani husaidia, kwa kuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kitovu kikizidi joto la shafti, tofauti huwa kubwa zaidi. Lakini moto wa wazi usitumiwe kamwe katika chombo chenye tangi la petroli, ambamo mvuke mzito kuliko hewa hutuama chini ya sakafu.

Alumini na chuma vilivyogusana huleta tatizo jingine. Penye unyevu, na zaidi penye chumvi, metali hizo mbili huwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaoonekana kuzunguka kitovu ni alama yake.

Gurudumu likishatoka, uamuzi hutegemea kiunzi. Ikiwa uunganisho wa spoki na rimu umekatika, au kutu imekula chuma, au tundu la kitovu limelika hata likacheza, gurudumu hilo linastahili kutundikwa ukutani. Ikiwa kiunzi ni kizima na ni plastiki tu iliyopasuka, linaweza kufufuliwa. Kila ufa hupanuliwa kwa tupa ndogo mpaka uwe na umbo la V na chuma kionekane, kutu husuguliwa yote, kisha ufa hujazwa gundi ya epoksi iliyokorogwa vema na kigumishi chake. Ikikauka hupigwa msasa, kwanza mkali halafu laini, na mwishowe rangi. Glavu na kinga ya pua si anasa, kwa sababu kigumishi hudhuru ngozi na vumbi lake hudhuru mapafu. Ajabu ni kwamba watu huharakisha kujaza na kupaka, ilhali kusafisha kutu ndiko kunakoamua kama ufa utarudi baada ya mwaka mmoja au la.

Anayenunua jipya hana budi kupima kipenyo pia. Gurudumu dogo hupendeza, lakini mkono hulipa gharama. Kani ya nyutoni 20 katika rimu yenye nusukipenyo cha sentimeta 19 huleta momenti ya nyutoni-mita 3.8. Kipenyo kikishushwa kutoka sentimeta 38 hadi 33, momenti ile ile itahitaji nyutoni 23. Kwa safari fupi si kitu. Kwa dereva anayeshindana na shikio siku nzima ni uchovu, maana maji yatokayo kwenye rafadha huzunguka na kulisukuma shikio upande mmoja daima.

Yafaa pia kuchunguza kama ugumu wa usukani umetoka katika gurudumu hata kidogo. Kebo hutenganishwa na mkono wa shikio kule nyuma, halafu gurudumu huzungushwa. Likiwa bado gumu, kebo au giya ya mbele ndiyo mbovu, na kebo iliyoingiwa kutu hubadilishwa, haitengenezwi. Likiwa jepesi, ugonjwa uko katika shikio lenyewe.

Wakati wa kurudisha, shafti na tundu husafishwa, kabari hukaa katika mfereji wake, na nati mpya yenye pete ya nailoni hutumiwa, kwa kuwa ya zamani imekwisha kupoteza mshiko wake. Chombo kikiwa bado nchi kavu, mtu mmoja huzungusha gurudumu kulia naye mwenziwe hutazama nyuma: ukingo wa nyuma wa shikio ni lazima uende kulia. Aliyezoea kana ya jahazi, inayosukumwa kushoto ili chombo kiende kulia, hupaswa kutazama mara mbili. Na ikiwa spoki zimekaa upande wakati shikio limenyooka, mfereji wa kabari hauruhusu gurudumu kugeuzwa kidogo; marekebisho hufanywa kwenye ncha ya kebo, kule tezini.